Nyumbu alikufa, mzigo ukafika

Leo tumzungumzie nyumbu. Sio yule wa Tarangire anayekimbizwa na simba kila siku kwenye televisheni. Huyu wa leo ni nyumbu mwingine kabisa, baba yake punda na mama yake farasi, mnyama wa mizigo tangu enzi za Biblia. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja (wapo wanaomwita huyu wa pili baghala), na nadhani haijaleta utata sana kwa sababu moja: Mbongo wa kawaida hajawahi kumwona huyu wa pili kwa macho.

Wenzetu wanamwona sana. Kule Marekani, kwenye korongo la Grand Canyon, watalii wamekuwa wakipandishwa juu ya nyumbu kwa zaidi ya miaka 100. Mwongozaji mbele, msururu nyuma, njia nyembamba, picha kibao. Ukiishi Babati na ukaona picha hizo, lazima ujiulize. Msitu tunao: Mlima Kwaraa uko juu ya mji wetu, na msitu wake wa hifadhi unaitwa Ufiome. Chini yake kuna Ziwa Babati na viboko wake. Wageni huupanda Kwaraa kwa miguu, na mwongozaji wao. Kwa nini huku kwetu hakukuwahi kuwa na utamaduni wa kupanda nyumbu?

Jibu fupi ni mbung'o. Jibu refu ni historia yetu, na si historia ya kuchekesha.

Kila mgeni aliyekuja kutoka pwani kwenda bara karne ya 19 alitaka mnyama wa kumbebea mizigo. Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 alikuja na ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama wao, nyumbu 2 na punda 4. Alitaka kujua nani kati yao atastahimili mbung'o. Njia ya Ruvuma, pamoja na mateso waliyopata kwa waliowachunga, ikawamaliza. Miaka kama kumi baadaye mmisionari Roger Price alijaribu ng'ombe na mikokoteni kutoka Saadani kwenda Mpwapwa. Ng'ombe wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, Ziwa Tanganyika, naye hakuishi sana.

Mwaka 1895, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Zululand, alionyesha kwamba mbung'o hubeba vijidudu vya ugonjwa wa nagana. Farasi, ng'ombe, nyumbu, wote hauwaachi. Farasi ana na adui mwingine, ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Kwa huo nyumbu ni mgumu kuliko mama yake, lakini kwa nagana hana ujanja.

Sasa mnyama akishindwa, nani anabeba? Ndio maana msafara wa zamani ulikuwa wa watu. Wanyamwezi walijijengea jina kwa upagazi, kazi ya heshima na ya malipo, na mpagazi aliweza kugoma au kuondoka usiku akiona anaonewa. Kumbuka hilo, kwa sababu mwaka 1916 halikuwepo tena.

Mwaka huo vita vya Wazungu vilipita hapa hapa kwetu. Jenerali Smuts alimtuma Van Deventer na askari wapanda farasi wa Afrika Kusini kutoka Arusha kwenda kuliteka boma la Wajerumani la Kondoa Irangi. Wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Lolkisale ikaanguka, katikati ya mwezi wakapita Ufiome, chini ya mlima huu huu, na tarehe 19 Aprili wakaingia Kondoa. Kwa basi, lami ya sasa inakufikisha Kondoa kabla hujachoka kukaa. Wao walikwenda katikati ya masika. Farasi kwa mamia wakafa njiani, kwa magonjwa na kwa uchovu. Mvua ikakata njia nyuma yao, magari yakazama kwenye tope, na jeshi likakwama Kondoa likiwa na njaa. Mwezi Mei, Lettow-Vorbeck akaja kuwashambulia hapo hapo.

Chakula chao kilifikaje? Kwa vichwa vya watu. Wapagazi walibeba mizigo kutoka Lolkisale mpaka Kondoa, maili kama 120, kwenye mvua. Ukiitazama ramani, katikati ya njia hiyo ndipo ulipo mji wetu.

Hali ikazidi kuwa mbaya kadiri jeshi lilivyosonga kusini. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916 peke yake, walikufa farasi kama 10,000 na nyumbu kama 10,000, ukiacha ng'ombe na punda. Mnyama mmoja aliishi wiki chache tu, akaletwa mwingine naye akafa. Waingereza walipoona hesabu haiendi, wakawageukia watu. Kwa jumla walichukua watu karibu milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Waliokufa, kwa hesabu zao wenyewe, wanakaribia 100,000, na zaidi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Wajerumani nao walikamata wapagazi vijijini, na wa kwao hawakuhesabiwa hata hivyo.

Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Hapa nyumbu alikufa, na mzigo ukafika kweli, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuutwika.

Jina la kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Tunanunua viatu pale, tunashangilia Simba na Yanga wa mitaa ile, na wengi hatujui tunataja jina la kambi ya watu waliokuwa wakibebeshwa mizigo ya vita. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale Posta inaonyesha mtu mwenye bunduki na singe. Mtu mwenye gunia kichwani siye aliyesimamishwa pale juu.

Nyumbu je? Nyumbu ana sanamu. Mwaka 2004 London ilizinduliwa kumbukumbu ya wanyama waliokufa vitani, na humo wamo nyumbu wawili wa shaba waliobeba mizigo mizito. Sina ugomvi nao, walistahili. Lakini ilibidi tusubiri mpaka Aprili 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Ina maana mpagazi aliyeanguka kwenye tope kati ya Lolkisale na Kondoa alisubiri miaka 17 zaidi ya nyumbu, na alichopata ni radhi, tena bila jina.

Kwa hiyo mimi sipingi utalii wa Kwaraa. Uje, vijana wapate ajira, na hata punda watumike kubeba mizigo ya wageni kama wanavyofanya Wamasai kwenye milima ya Ngorongoro. Ninachoomba ni kwamba mwongozaji akifika mahali pazuri, pale unapoiona barabara ya Kondoa ikikata bonde, asimame, awaambie wageni nani alipita pale mwaka 1916 na alikuwa na nini kichwani. Haigharimu kitu.

Na wewe msomaji, kabla ya huyo mwongozaji, una kazi ya nyumbani. Muulize mzee wenu aliyebaki kama kuna babu katika ukoo aliyechukuliwa "Kariakoo" asirudi. Akikupa jina, liandike leo, pamoja na kijiji alichotoka. Tume inasema bado inatafuta majina, na hayo hayako London. Yako vichwani mwa wazee wetu, na wazee wanaondoka.