Barua ya Mandal: Uraia, Dini na Mateso katika Historia ya India

Mwaka 1950 mawaziri wawili walijiuzulu, mmoja India na mwingine Pakistan, kwa jambo lile lile. Mwezi Aprili, Syama Prasad Mookerjee alitoka katika serikali ya Jawaharlal Nehru akipinga mkataba wa Nehru na Liaquat Ali Khan, ambao kila nchi iliahidi kuwalinda raia wake wa dini za wachache. Mookerjee hakuamini kwamba ahadi hiyo ingewakinga Wahindu wa Bengali ya Mashariki. Mwezi Oktoba, Jogendra Nath Mandal, waziri wa kwanza wa sheria wa Pakistan, alimwandikia Liaquat barua ndefu akieleza mauaji na dhuluma zilizowapata Wahindu hao, kisha akahamia India. Mandal, Mhindu wa tabaka lililodharauliwa, alikuwa ameichagua Pakistan kwa hiari yake. Ushahidi wake haukuwa uzushi wa adui.

Kwamba mateso yalikuwepo, basi, si jambo la kubishaniwa. Linalobishaniwa ni namna sheria ya uraia inavyopaswa kuyatambua.

Bunge la Katiba la India lilikwisha kulijadili suala hilo Agosti 1949. P. S. Deshmukh alipendekeza kwamba kila Mhindu au Singasinga asiye raia wa nchi nyingine awe na haki ya uraia wa India. Pendekezo lilikataliwa, na vifungu vya uraia vikapita bila kutaja dini. Lakini kimya cha maandishi hakikuwa usawa kamili. Kifungu cha 6 kiliwafungulia mlango waliokimbia kutoka Pakistan, ambao wengi wao walikuwa Wahindu na Masingasinga; kifungu cha 7 kiliwabana waliokwenda Pakistan baada ya Machi 1, 1947 kisha wakataka kurudi, ambao wengi wao walikuwa Waislamu.

Yaliyofichika mwaka 1949 yaliandikwa waziwazi Desemba 2019. Sheria iliyorekebishwa iliwaondolea jina la wahamiaji haramu Wahindu, Masingasinga, Mabudha, Wajaini, Maparsi na Wakristo kutoka Afghanistan, Bangladesh na Pakistan walioingia India kabla ya mwisho wa 2014, na ikapunguza muda wao wa kusubiri uraia kutoka miaka 11 hadi 5. Miezi michache kabla yake, orodha ya raia ya jimbo la Assam ilikuwa imewaacha nje watu milioni 1.9, Wahindu na Waislamu. Waislamu wengi wa India waliogopa kwamba orodha kama hiyo ikienea nchi nzima, sheria mpya ingewaokoa wengine wote isipokuwa wao. Maandamano yakazuka, na wanawake wa Shaheen Bagh, Delhi, wakakaa barabarani majira yote ya baridi.

Watetezi wa sheria hujibu kwamba nchi hizo tatu zina Uislamu kama dini ya dola, na kwamba haimnyang'anyi raia yeyote uraia wake. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Katiba ya Pakistan iliwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu mwaka 1974, na tangu 1984 sheria za nchi hiyo huwaadhibu kwa kujiita Waislamu. Hawa ndio jumuiya iliyochapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mjini Nairobi mwaka 1953. India haikuwataja. Wala haikuwataja Watamil wa Sri Lanka, ambao wengi wao ni Wahindu, wala Warohingya wa Myanmar.

Kasoro inaonekana hapo. Vifungu vya sheria ya 2019 havimtaki mwombaji athibitishe kwamba aliteswa. Vinauliza dini yake, nchi atokayo na tarehe aliyoingia. Mtu wa hali ya Mandal angepokelewa leo bila kuulizwa hata mstari mmoja wa barua yake. Mwahmadiyya aliyeingia bila hati, akiwa na barua ndefu kama ile, asingepata wa kuisoma.