Unataka Kudaka Hoki Ukiwa Malindi? Soma Hii Kwanza

Wasee wengi wa Malindi na Kilifi wakisikia golikipa wanafikiria soka tu. Kwangu mimi, kipa wa hoki ndiye ako na kazi noma zaidi.

Goli: Upana ni mita 3.66, urefu 2.14. Ni nusu ya upana wa goli la soka, lakini usidanganyike. Mpira ni mgumu kama jiwe, gramu 156 hadi 163, na unakuja na spidi.

Vifaa: Helmeti, padi za miguu, glavu, kinga ya kifua na ya sehemu nyeti. Doo ikiwa kidogo, anza na helmeti na udake mpira wa tenisi kwanza. Padi za mtumba utapata, jicho la mtumba hakuna. Na kwa hili joto la Pwani, anika kila kitu baada ya mechi, ama beki zako watakukimbia.

Sheria: Ndani ya duara lenu, tumia mguu na mwili wote. Ukitoka nje, ni fimbo pekee.

Ya barafu je? Ice Lions wako Nairobi, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwako. Mwaka wa 2018 walienda Kanada wakacheza na Sidney Crosby.

Kuna pesa? Kenya ilimaliza ya sita Olimpiki 1964 na ya nne Kombe la Dunia 1971. Hata hivyo, hoki hapa hailipi kodi ya nyumba. Daka, lakini tafuta riziki kando.