Hiyo mashine ni ya nani? Uzi kuhusu mitandao ya kijamii isiyo na mwenye mmoja

1/ Kila msimu wa siasa tunarudi palepale. Upande mmoja: "Serikali isiguse mitandao yetu." Upande wa pili: "Mitandao yenu inachochea watu, idhibitiwe." Nimefuatilia huu mjadala miaka mingi na kuna neno moja ambalo hakuna anayelifafanua: "yetu". Yetu vipi? Leo wacha niwarudishe nyuma kidogo kihistoria. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msinitafutie kambi kwa majibu.

2/ Niseme kwanza mimi niko wapi. Sebuleni kwangu, kando ya TV, kuna kompyuta kuukuu ya ofisi, saizi ya kitabu kinene. Inaendesha mtandao mdogo wa kijamii wa watu 41: majirani, wenzangu wa chama (cha kuweka akiba, si kile kingine), na watoto wetu walio ng'ambo. Tunaandika, tunatuma picha, tunabishana, na tunafuata watu walio kwa seva za Ujerumani, Japani, kokote. Hakuna matangazo. Hakuna anayetuchagulia tuone nini.

3/ Inawezekanaje? Fikiria barua pepe. Mwenye Gmail anamwandikia mwenye Yahoo na inafika, ingawa hizo kampuni ni washindani. Ni kwa sababu ya itifaki, yaani lugha ya pamoja ya mashine. Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine mwaka 1971, akachagua ile alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Mwaka 1982 ikaja SMTP, itifaki inayobeba barua pepe mpaka leo. Tangu hapo swali liko ndani ya anwani yenyewe: wewe ni nani, na unakaa kwa nani?

4/ Sasa tuje Nairobi. Hadi mwaka 2000, ukiwa mteja wa kampuni moja ya intaneti hapa mjini na umwandikie mteja wa kampuni nyingine hapahapa mjini, ujumbe ulipanda setilaiti, ukaenda ng'ambo, ndio ukarudi. Novemba mwaka huo kampuni za intaneti zikafungua KIXP, mahali pa kubadilishana data bila kutoka nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ikalalamika. Baada ya kama wiki mbili mdhibiti akaamuru pafungwe. Palifunguliwa tena Februari 2002. Somo la kwanza: kabla hujauliza nani anaandika, uliza nani ana bomba.

5/ Januari 2008. Wa rika langu wanakumbuka. Mashada lilikuwa baraza la mtandaoni la Wakenya, na mwendeshaji wake, David Kobia, alikuwa Marekani. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, matusi ya kikabila yakajaa humo hadi hayakudhibitika. Akalifunga. Badala yake akafungua tovuti ya I Have No Tribe, watu waseme wao ni Wakenya kwanza. Kipindi hichohicho alikuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi, ile programu ya kukusanya ripoti za ghasia na kuziweka kwenye ramani. Hapo kuna kitu tusisahau: aliyefunga Mashada hakuwa serikali. Alikuwa mwenye seva, na sidhani kama alikosea.

6/ Mwaka huohuo wa 2008, mwezi Julai, kule Montreal, Evan Prodromou alizindua Identi.ca. Ilifanana na Twitter, lakini kodi yake ilikuwa huria: mtu yeyote angeweza kuichukua, aweke kwa seva yake, na seva hizo zikaongea. Mwaka 2010 wanafunzi wanne wa New York waliomba umma dola 10,000 za kujenga Diaspora, mtandao wa aina hiyohiyo. Walichangiwa zaidi ya dola 200,000. Yaani hamu ya watu kuwa na pao wenyewe si ya jana.

7/ Mwaka 2016 kijana mmoja Ujerumani, Eugen Rochko, akatoa Mastodon. Januari 2018 shirika la viwango vya wavuti, W3C, likaidhinisha ActivityPub, ambayo kwa mitandao hii ndiyo SMTP yao. Kuanzia hapo seva ya programu moja ingeweza kuongea na seva ya programu nyingine kabisa. Mtandao huu wa mitandao watu huuita Fediverse. Hauna makao makuu. Hauna mkurugenzi wa kuitwa bungeni ahojiwe. Wengine wanaona hiyo ni raha, wengine wanaona ni balaa.

8/ Lakini kulikuwa na shida ambayo haizungumzwi sana: uzito. Mastodon inataka hifadhidata ya PostgreSQL, inataka Redis, inataka kundi la vibarua wa nyuma wa kusukuma foleni ya ujumbe. Ukitaka ikimbie bila kukwama unaanza na gigabaiti 2 za RAM ama zaidi, na fundi wa kuitazama. Ukikodi mashine hiyo unalipa kwa dola, kila mwezi. Kwa hivyo uhuru upo, kodi ni huria, lakini mlango una kiingilio. Watu wachache wakamiliki seva kubwa, na sisi wengine tukahamia humo kama wapangaji. Si hiyo ndiyo hadithi ileile?

9/ Ndio hapo programu nyepesi zinaingia, na mimi naona hawa ndio mafundi wasiosifiwa. Pleroma, iliyoandikwa kwa lugha ya Elixir, ilionyesha mapema kwamba Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha bei nafuu, inaweza kubeba seva. GoToSocial ilianza 2021: faili moja ya programu, hifadhidata ya SQLite ambayo nayo ni faili moja, na RAM kama megabaiti 250 hadi 350. Snac, iliyoandikwa kwa C, haina hifadhidata kabisa, kila kitu ni faili za kawaida. Programu ikipungua uzito, idadi ya wanaoweza kumiliki inaongezeka. Hayo ni mambo ya ufundi, lakini pia ni siasa.

10/ Mimi natumia GoToSocial. Kompyuta yangu ina gigabaiti 4 za RAM, na programu hutumia chini ya sehemu moja ya kumi. Haiji na ukurasa wake wa kusomea, kwa hivyo watu wangu wanatumia app zilezile za simu zilizotengenezewa Mastodon. Mama mmoja wa 67 aliniuliza, "Sasa hii ni ya kampuni gani?" Nikamwambia, "Mama, ni hiyo hapo kando ya TV." Akacheka hadi akakohoa.

11/ Msidhani nyepesi ni rahisi. Mwezi wa pili mashine ilinyamaza kabisa. Kumbe kila picha iliyotumwa na watu tunaowafuata ng'ambo inanakiliwa kwangu, na diski ilikuwa imejaa picha za paka wa Uholanzi. Nikapunguza siku za kuzihifadhi hadi tatu, tukapumua. Nikajifunza pia kunakili ile faili ya hifadhidata kila usiku na kuiweka nyumba nyingine, manake ndani yake mna funguo za siri zinazothibitisha kwa seva zingine kwamba sisi ndio sisi. Ukizipoteza, unarudi kama mgeni asiyetambulika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

12/ Kisha kuna bomba. Intaneti yangu ya nyumbani haina anwani ya umma, kwa hivyo nilikodi kiseva kidogo Ulaya kiwe mlango, kipitishe ujumbe hadi sebuleni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika. Ujumbe wa jirani kwa jirani, nyumba zinazotenganishwa na ukuta mmoja, ukaanza kujikokota, manake ulikuwa unaenda Ulaya kwanza. Nilikaa nikajicheka: nimejenga tena kwa mikono yangu Nairobi ya kabla ya KIXP. Nikahamisha mlango hadi kituo cha data hapa Nairobi. Nalipa zaidi, lakini nyaya zikikatika, sisi kwa sisi tunaongea.

13/ Sasa nisiwadanganye. Kuna watu wanauza hii kama dawa ya kuzimwa. Si kweli. Uganda ilizima intaneti yote Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Hapo seva ndogo na kubwa zote ni vyuma tu. Na hata jina la kikoa si lako kabisa. Februari 2024 seva moja ya Mastodon iliyotumia jina la kuishia .af ilipoteza jina hilo, kwa sababu .af ni ya Afghanistan na wenye mamlaka huko walilisimamisha. Kile seva nyingi zinaweza kuzuia ni kitu kimoja: uamuzi wa ofisi moja kufunga mdomo wa kila mtu kwa siku moja huku mengine yakiendelea.

14/ Na hiyo ofisi moja si lazima iwe ya serikali. Twitter ilipobadilisha mmiliki mwaka 2022, karibu wafanyakazi wote wa ofisi yake ya Afrika kule Accra walifutwa Novemba hiyo. Hapa Nairobi, mwaka 2023, watu 184 waliokuwa wakikagua maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya kandarasi walienda kortini kuhusu kufutwa kazi. Meta ilibisha kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza. Wale vijana ndio waliokuwa wakichuja matusi ya eneo zima. "Mitandao yetu" ilikuwa inalindwa na watu ambao hatukuwajua, kwa masharti ambayo hatukuyaona.

15/ "Na chuki je? Si kila mchochezi atajifungulia seva?" Swali zuri, na lina jibu la kihistoria. Julai 2019 Gab, mtandao wa Marekani uliojulikana kwa maudhui ya chuki, ulihamia kwenye kodi ya Mastodon. Leseni ni huria, hakuna aliyeweza kuwazuia. Lakini seva nyingi zilikataa kuongea nao, na baadhi ya app zikawafungia. Wakabaki na baraza lao, bila masikio ya jirani. Hakuna aliyeamrisha. Kila mwenye mlango aliamua kuhusu mlango wake.

16/ Inasikika vizuri hadi siku mlango ni wako. Wiki moja ya joto la kisiasa, saa tano usiku, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliandika kwa seva yangu kuhusu watu wa jamii fulani wa ploti fulani, akitaja hata rangi ya geti. Nilikumbuka 2008, mkono ukatetemeka. Nikaitoa. Kisha nikapiga simu.

"Mzee, samahani kwa usiku. Ile kitu nimeitoa."

"Kijana, hiyo mashine ni ya nani? Si ulituambia ni yetu sote?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefanya kilekile ninacholaumu wakubwa: mtu mmoja, usiku, kwa kidole kimoja. Nilikuwa sahihi kuhusu ule ujumbe. Kuhusu utaratibu, hapana.

17/ Jumapili tukakutana, watu 14 walikuja. Tukaandika sheria fupi: hakuna kutaja makazi ya mtu, hakuna kuitana wanyama, wanaotoa ujumbe ni watatu waliochaguliwa, wawili wakubaliane, isipokuwa hatari ya papo hapo, na sababu iandikwe pale kila mtu anaona. Tukasoma pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kanuni za 2021 zinamwondolea mdogo, mwenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, mzigo wa kujisajili, lakini si anayetafuta kura. Na wajibu wa kulinda data ya watu haumwachi yeyote. Kwa hivyo mwaniaji akikuomba orodha ya wanachama wa seva yako, jibu ni hapana.

18/ Yule mzee hakuridhika. Akahama. Na hapa ndipo nataka mtulie: programu hizi zinaruhusu mtu kuhamisha akaunti hadi seva nyingine, na wanaomfuata wanahama naye. Maandishi ya zamani yanabaki, lakini watu wake hawapotei. Nilimsaidia mwenyewe kubonyeza. Kwenye mtandao wa kampuni kubwa ukikosana na mwenye nyumba unatoka bila watu wako. Mzee alitoka na watu wake, mimi nikabaki na mlango wangu, na asubuhi tunasalimiana kwa duka la mkate.

19/ Kwa hivyo mjadala ukija tena kwa TV, msitosheke na "mtazima ama hamtazima?" Ongezeni haya. Data ya ofisi za umma inakaa kwa seva ya nani? Tangazo la kaunti linapatikana wapi kama kampuni moja ya kigeni ikifunga duka kesho? Na kwa yule anayeahidi "tutajenga mtandao wetu wa Kenya", mmoja mkubwa, muulizeni funguo zitakaa na nani. Mkubwa mmoja wa kwetu bado ni mkubwa mmoja.

20/ Programu ikiwa nyepesi, mashine inakuwa bei rahisi. Kazi ya kuchunga watu haijawahi kuwa nyepesi, si kwa Mashada, si kwa wale 184, si kwa sebule yangu. Lakini inabebeka mkiwa 41 mnaojuana. Mkiwa milioni, anaibeba mtu msiyemjua. Mzee aliniuliza mashine ni ya nani. Siku hizi najibu: ni ya wale waliokuja Jumapili. Mkutano ujao tunaongea juu ya stima, manake bili imepanda. Nitawaletea uzi.