Kanisa Lililobaki Pekee Uzaramoni

Katika nchi ya Wazaramo, ambayo sehemu zake leo zimo katika wilaya za Kisarawe na Kibaha, Mkoa wa Pwani, Ukristo wa Kiprotestanti ulianza na watu wachache. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1892 akafungua kituo cha Kisarawe. Miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwamo watumwa waliokombolewa, watu waliotengwa na koo zao. Kituo cha Maneromango kilifuata mwaka 1895, na mwaka 1903 kazi yote ikakabidhiwa Misioni ya Berlin.

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Uongozi ukamwangukia Martin Ganisya, mwalimu Mwafrika ambaye naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Yeye na walimu wenzake wakalilinda kanisa hata Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920. Hapo lazuka swali: watu waliokwisha kujiongoza, mbona hawakujitenga?

Jibu laonekana vema tukitazama Kenya, ambako Wakristo wa shamba walijitenga kweli. Mwaka 1929 misioni ya Kipresbiteri ya Scotland, yenye makao Thogoto, iliwataka waumini wa Kikuyu watie sahihi au alama ya kidole kuwa wameikana tohara ya wanawake. Wengi walikataa, wakatoka, wakajenga shule na makanisa yao wenyewe. Mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Afrika Kusini alifika kuwafundisha makasisi wao. Serikali ilizifunga shule hizo mwaka 1952, lakini makanisa hayakufa.

Wakikuyu hao walipotoka, walitoka pamoja na jamaa na jirani zao, katika nchi ya baba zao. Mkristo wa Kisarawe aliishi kati ya Waislamu wengi, na kwa aliyekombolewa utumwani usharika ndio uliokuwa ukoo. Kuuvunja kungalikuwa kubomoa nyumba pekee aliyokuwa nayo.

Mwaka 1963 kanisa la Uzaramo na Uluguru lilikuwa mojawapo ya makanisa saba yaliyoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Basi historia ya kujitegemea isitafutwe kwa waliotoka tu. Wako pia waliobaki, wakashika funguo wenyewe.