Gadi: kinachobeba gari jeki ikishamaliza kazi

Fuso inayoingia Mpanda na gunia 80 za mahindi, kila gunia kilo 100, imebeba tani 8 kabla hujahesabu uzito wa gari lenyewe. Springi ikikatika, kitu cha kwanza kutafutwa ni jeki. Mara nyingi ndiyo ya mwisho pia, na fundi anaingia uvunguni.

Jeki ya mafuta, ile fupi yenye umbo la chupa, inafuata kanuni aliyoieleza Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mkandamizo unaenea sawa kila upande. Pistoni nyembamba ikisukuma mafuta chini ya pistoni yenye eneo kubwa mara 20, nguvu nayo inazidi mara 20. Ndiyo maana utingo mmoja anainua lori. Lakini lori likishakuwa juu limekalia mafuta, na mafuta yanazuiwa na sili ya mpira na valvu ndogo. Sili ikichoka, au chembe ya mchanga ikikwama kwenye valvu, gari linashuka. Pengine taratibu, pengine kwa kishindo.

Lugha yetu imeipa jeki sifa inayozidi uwezo wake. Biashara ikipigwa jeki, tunaelewa kwamba imesaidiwa ikasimama. Gereji hakuna kitu kama hicho. Jeki inapandisha, kisha mzigo unakabidhiwa nguzo fupi ya chuma yenye miguu iliyotanuka, isiyo na mafuta wala sili, inayofungwa kwa pini. Mafundi huiita stendi, nao wanaelewana, ingawa kwa abiria stendi ni pa kupandia basi la Tabora au Sumbawanga. Mhimili lingekuwa jina zuri, ila limeshabeba maana nyingi mno, kuanzia boriti hadi Bunge.

Mimi nachagua gadi. Pwani, jahazi likipwelewa au likipandishwa mchangani kutengenezwa, huwekewa gadi: miti ya kulishikilia ubavuni lisilale. Najua mkuku ndio unaobeba uzito mwingi pale, si miti. Hata hivyo shabaha ni ileile, chombo kitulie mtu akiwa chini yake. Mpanda, mji uliofikiwa na tawi la reli kutoka Kaliua kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba, gadi ni mtu wa treni pia. Hilo halinisumbui, maana naye kazi yake ni usalama. Wingi ndio wa kuangalia: ukimtuma kijana magadi, atarudi na ya kupikia maharage.

Gadi nayo ina masharti. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, masika, miguu yake inazama, hivyo inalazwa juu ya ubao mpana na mnene. Mzigo ushushwe kwanza. Magurudumu yanayobaki chini yatiwe kabari mbele na nyuma, kwani ukiinua ekseli ya nyuma, breki ya mkono inayokamata magurudumu ya nyuma haizuii tena kitu. Gadi mbili za kimo kimoja hukaa chini ya ekseli au chesisi, kamwe si chini ya sampu. Tofali lisikaribie: hupasuka bila kutoa dalili. Jeki inalegezwa mpaka uzito wote ulale kwenye gadi, kisha gari linatikiswa fundi akiwa bado nje. Tairi lililofunguliwa nalo linasukumwa chini ya chesisi, likae humo mpaka kazi iishe.