Mbegu na Mwenye Mbegu

Wanaopinga uhandisi wa jeni hudai kwamba wahenga waliboresha mazao bila kuivuruga asili. Historia ya mahindi haiwaungi mkono. Zao hili lilitokana na teosinte, nyasi ya kusini mwa Meksiko, ambayo wakulima waliigeuza kwa kuchagua mbegu kwa takriban miaka 9,000, hata leo mhindi hauwezi kujisambaza bila mkono wa binadamu.

Mwaka 1964 watafiti wa Kitale, Kenya, walitoa H611, chotara ya mahindi ya huko na ya Ekuado. Hapakuhamishwa jeni yoyote maabara. Lakini aliyetunza mbegu ya chotara aliona mavuno yakishuka msimu uliofuata, akarudi dukani. Utegemezi, basi, uliutangulia uhandisi.

Kuingiza jeni ya bakteria katika mahindi ni hatua nzito zaidi, na ukaguzi wa usalama ni wa lazima, hilo silibishi. Ila kinachonikera zaidi ni sheria. Chotara humrudisha mkulima dukani kwa maumbile yake. Hataza humrudisha kwa amri ya mahakama. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Vernon Bowman, mkulima wa Indiana, alikiuka hataza ya Monsanto kwa kupanda soya na kutunza mbegu alizovuna shambani mwake mwenyewe.