Maji ya Ziwa na Mikataba ya Madini: Habari za Kahama na Shinyanga

Ndugu wanachama, katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu zimeandikwa habari za pamba, za maghala na za mizani. Yafaa ziandikwe pia habari za maji, kwa kuwa mama aendaye kisimani tangu alfajiri hawezi kuwahi palizi.

Wazee wanayakumbuka malambo yaliyochimbwa Usukuma katika miaka ya 1940 na 1950. Yaliwafaa watu na ng'ombe, lakini mvua ilipokosa, lambo lilibaki tope. Ziwa Victoria halikuwa mbali sana. Walakini maji yake yalikuwa yamefungwa kwa maandishi. Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, ilipatana na Misri kwamba kazi ya kupunguza maji yaendayo Nile isifanywe katika nchi zilizo chini yake pasipo ridhaa ya Misri. Wenyeji hawakuulizwa. Baada ya uhuru, mwaka 1962, serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na mapatano hayo. Siku ile halikulazwa bomba hata moja, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Bomba lililofika Bulyanhulu, wilayani Kahama, lilifuata dhahabu. Mwaka 1994 serikali ilitia sahihi Mkataba wa Uendelezaji wa Madini na kampuni ya Kahama Mining, ambayo mwaka 1999 iliingia mikononi mwa Barrick ya Kanada. Mgodi wa dhahabu hauendeshwi pasipo maji, maana mawe husagwa yakawa tope ndipo dhahabu itengwe. Kwa hiyo kampuni ililaza kwa fedha zake bomba la kilomita 47 kutoka ghuba ya Smith Sound, na mwaka 2001 mgodi ukaanza kazi. Vijiji kadhaa vya kando ya bomba navyo vikapata maji.

Faida hiyo tusiidharau. Aliyechota maji safi karibu na nyumba yake haulizi kwanza ni nani aliyelipa. Hata hivyo bomba lile lilielekezwa penye mgodi, si penye kiu kubwa kuliko pote. Kijiji kilichokuwa njiani kilibahatika. Kilichokuwa mbali na njia kiliendelea na kisima chake cha zamani.

Njia ya pili ilikuwa ya serikali yenyewe. Kwa fedha za nchi lilijengwa bomba kuu kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, nalo lilizinduliwa mwaka 2009. Maji husafishwa, hupandishwa kwa mitambo hadi kilimani, kisha huteremka kuelekea miji na vijiji. Kazi hiyo iliwekwa chini ya mamlaka ya umma, KASHWASA, ambayo huuza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji, nazo zikawauzia wananchi. Bomba hilo halingoji bei ya dhahabu.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana Buzwagi, karibu na mji wa Kahama. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukaumaliza. Miaka kumi na miwili tu! Mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa alikuwa bado shule ya msingi ulipofungwa. Mgodi una umri wake. Kiu haina umri.

Sheria nayo imebadilika. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kila mwenye leseni hana budi kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri ya mahali. Zamani mambo hayo yalitegemea zaidi hiari ya kampuni. Sasa yana meza ya kujadiliwa, na kwenye meza hiyo diwani wetu ana kiti.

Ndugu wakulima, jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walianzisha ushirika kwa sababu ya mizani. Hawakukataa kuuza pamba. Walikataa kupimiwa wasipoona. Vivyo hivyo hatukatai bomba la mgodi. Tunataka kuona maandishi: maji yatafika vijiji gani, nani atatengeneza pampu ikiharibika, bei atapanga nani, na siku mgodi utakapofungwa bomba litakuwa mali ya nani.

Maswali hayo manne yaulizwe katika mikutano ya vijiji kabla ya sahihi kutiwa, si baada ya bomba kukauka. Baba zetu walisimama kando ya mizani wakaisoma wenyewe. Sisi tuusome mkataba.